Uzi wa Kindai Haukatwi

Baba, mbishi mwenzangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila hata ulipokuwa hai marahaba yako ilikuwa inakuja ukishamaliza kunikosoa, kwa hiyo nimezoea kuisubiri. Nakuandikia nikiwa Guangzhou, kwenye benchi nje ya jengo la maabara, mkoba ulionipa uko mapajani. Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka. Wasome na baba zangu wadogo, walioniweka kikao siku ya kuanua tanga pale Singida, wakaniambia nirudi nishike duka la mikoba, kwa sababu eti vidudu vya China havitanilisha. Walisema wanayarudia maneno yako. Nikawajibu kwamba maneno ya baba yangu nayajua kuliko wao, maana mengi yalisemwa nikigombezwa mimi.

Na niwasahihishe kabisa: si vidudu vya China. Ni vya Ziwa Kindai. Ni vya kwetu.

Unakumbuka ile likizo ya kiangazi ulipokubali kunisindikiza ziwani? Kindai ilikuwa imerudi nyuma, ukingoni limebaki gamba la chumvi na magadi, na juu yake ile rangi ya waridi ambayo watoto wote wa Singida tunakua tukiiona bila kuuliza ni ya nini. Ulikunja suruali yako ya kanisani, ukashika viatu mkononi, ukanifuata ukilalamika kuanzia kwenye gari mpaka majini. Kibali nilikuwa nacho, kimegongwa mihuri mpaka kimechoka. Nikainama nikachota tope kwenye chupa, nawe ukasema kwa sauti, ili na wale waliokuwa wanaosha pikipiki wasikie:

"Watu wanatoka China na mikoba. Mwanangu anapeleka China matope!"

Wakacheka, na wewe ukacheka. Lakini kifuniko cha chupa ulikuwa umekishika wewe, umekifuta kwa leso yako safi, na hukukiachia mpaka nilipomaliza kuchota. Hilo sijalisahau, na leo nalisema mbele za watu.

Tukiwa njiani kurudi ukaniuliza ndani ya chupa mna nini. Nikakwambia, arkea. Ukasema, "Bakteria." Nikasema, si bakteria, baba. Ukasema, "Si umesema ni wadogo, hawaonekani, wana seli moja? Basi ni bakteria." Nikakujibu kwamba mbuzi na kiti wote wana miguu minne, lakini si ndugu. Ukabadilisha gia bila sababu, nikajua nimekupata. Ndipo nikakueleza kwamba arkea ni ukoo wao peke yao, wa kale sana, wengine wanaishi tumboni mwa ng'ombe, wengine kwenye chemchemi zinazochemka, na hawa wa kwetu kwenye chumvi kali inayoua karibu kila kitu. Ile rangi ya waridi ni wao. Tunapita juu ya umati wao kila kiangazi tukidhani tunakanyaga uchafu.

Halafu nikakueleza habari ya nyuzi. Nilikwambia kwamba ngozi ya hao arkea imeota nyuzi nyembamba mno. Zipo zinazozunguka, zina mota yake shinani, ndizo zinazomwogelesha mwenyewe. Zipo zisizozunguka, kazi yake ni kushika: kushika jiwe, kushika punje ya chumvi, kushika mwenzake asichukuliwe na maji. Na wapo wa ukoo huohuo kwenye chemchemi baridi za salfa ambao uzi wao una miiba njia nzima na mwisho wake una ndoano, kabisa kama ile ndoano ya kuopolea ndoo iliyozama kisimani. Hapo ulipunguza mwendo wa gari. Kwa mtu aliyeuza mikoba maisha yake yote, niliona umeguswa.

"Nani anazishona?" ukauliza.

Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na wenye shahada. Nikakujibu kwamba hazishonwi, zinapangwa. Kila uzi ni punje za protini zilizojipanga kwa mzunguko kama kamba iliyosokotwa. Punje ikitengenezwa inakuja na kijikia mbele yake, kinakatwa kwanza, ndipo inaruhusiwa kuingia kwenye mstari. Na inaingilia chini, kwenye shina, inazisukuma zilizotangulia kwenda nje, jinsi nywele inavyoota. Mkia wa bakteria ni tofauti, una tundu katikati, punje zinapita humo ndani na kwenda kupachikwa nchani. Ukiwatazama harakaharaka utasema wote wana mikia. Ukitazama ujenzi, kila mmoja ana fundi wake. Tena nyuzi za hawa wa chumvini zimevikwa sukari, na mara nyingi ukiiondoa hiyo sukari uzi hausimami wala haufanyi kazi.

"Zinaonekana?"

"Kwa hadubini ya elektroni tu."

"Kisichoonekana hakiuziki."

"Siuzi, baba."

"Sasa China unafanya nini?"

Tukaingia nyumbani bado tunabishana. Mama akatuwekea ugali na mlenda bila kuuliza kitu, maana alishazoea kelele zetu, na alipoona chupa ya tope mezani akaihamishia dirishani kama mtu anayehamisha chumvi ya kawaida.

Sasa nikukumbushe la Shiling, ambalo hukutaka litajwe nyumbani. Leo nalitaja. Utanifanya nini?

Nilikuwa bado najifunza Kichina, ndiyo kwanza nimeanza chuo, na wewe ulikuwa umekuja kununua mzigo. Ukanichukua niwe mkalimani wako. Tulikwenda Shiling, kule kwenye karakana za mikoba, kwa gari la kukodi pamoja na Papa Kabeya, rafiki yako wa Lubumbashi, yule mfanyabiashara anayevaa koti hata wakati wa joto la Guangzhou. Mkaniweka katikati yenu, mkazozana juu yangu njia nzima kuhusu bei ya kontena. Karakana yenyewe ilikuwa chini, juu wanaishi wenye kazi. Bosi wake, laoban kama wanavyowaita huko, alikuwa mama mmoja aliyesukumia miwani juu ya nywele, na mafundi wake walikuwa wanamalizia mishikio ya mikoba. Wakimaliza kushona, uzi wa nailoni wanauacha mrefu kidogo, halafu wanauchoma ncha kwa kiberiti cha gesi. Ncha inayeyuka, inakuwa kinundu cheusi kidogo, mshono unajifunga hapo.

Wewe kile kinundu ulikiona ukakunja uso. Ukakigusa kwa kidole, ukanuna kama umekuta nzi kwenye mchuzi.

"Mwambie huo weusi siutaki. Wakate uzi mpaka usionekane. Mwanamke wa Singida akipitisha mkono hapa asikute kitu."

Nikatafsiri. Yule mama akatikisa kichwa, akasema bu xing, haiwezekani, utafunguka. Nikakutafsiria. Ukasema anaogopa kazi. Papa Kabeya naye akaingilia: "Mzee, umuache mama atumike kazi yake. Uzi ukiikata sana, yote itatoka. C'est sûr!" Ukamgeukia: "Kabeya, hapa mnunuzi ni nani?" Basi. Laoban akainua mabega, akaitisha mikasi. Mishikio yote ikanyolewa, ikawa laini kama shavu la mtoto, na wewe ukapiga makofi pale karakanani. Ulipendeza, baba, ukiwa umefurahi. Hata ulipokuwa umekosea ulikuwa unapendeza.

Mzigo ukafika Singida, ukauzika kwa fujo, na Jumapili moja mama mchungaji akasimama kwenda kutoa sadaka. Mshikio ukaachia katikati ya kanisa. Miwani, pipi, kitambaa, funguo, vikatawanyika mpaka chini ya viti vya wanakwaya. Watu wakajizuia kucheka wakashindwa. Wiki zilizofuata wakaja dukani mmoja mmoja, kila mwenye mkoba ameushika kwapani kama kuku wa kuuza. Na wewe, asiyekubali kushindwa si mshindani, ukasimama nyuma ya meza ukawaambia ni upepo. Upepo wa Singida, eti, ni mkavu, unakausha uzi. Upepo, baba! Mama aliingia stoo akafunga mlango ili acheke vizuri.

Mmoja wa mikoba ile iliyorudishwa ukaushona mwenyewe, ukanipa siku naondoka kurudi chuoni. Ukasema, "Huu si mbovu. Umefunguka tu." Ndio huu nilionao. Nimebebea vitabu, nimebebea kompyuta, nimeubeba mvua na jua, na haujaachia tena.

Sasa sikiliza yaliyonipata na lile tope, mengine hukuwahi kuyasikia.

Tope la Kindai lilifika salama. Nikawalea wale arkea kwenye maji ya chumvi, kwenye joto wanalolipenda, na baada ya kusubiri sana chupa ikageuka waridi. Nililia, nakwambia bila aibu. Rangi ya kwetu, ndani ya kabati la kioo, Guangzhou. Kwenye hadubini ya kawaida nikawaona wanakwenda. Si kuyumba, wanakwenda: mmoja anakata kushoto, anasimama, anarudi alikotoka. Nikajua wana nyuzi. Asiye na miguu anatembeaje?

Lakini kwa hadubini ya elektroni, iliyo na uwezo wa kuonyesha uzi wenyewe, walikuwa vipara. Nikaandaa upya, vipara. Nikaandaa tena, vipara vilevile, kando yake takataka za nyuzinyuzi zinazoelea. Mwalimu wangu, laoshi kama tunavyomwita, si mtu mbaya. Ni mzee mpole, huwa ananibakizia machungwa. Lakini akishaamua kaamua, na usije ukadhani sijui nimezoea wapi watu wa namna hiyo. Aliangalia picha zangu akasema kwa sauti ileile ya wauzaji wa soko la nguo la Shahe ukiwauliza saizi iliyokwisha: mei you. Hakuna. Hawa hawana nyuzi. Kule kutembea ni maji yanawasukuma, na zile takataka ni uchafu uliovamia chupa. Akasema niwaache wa Kindai, watolewe kwenye friji nafasi apewe mwingine, na mimi nihamie kwa arkea ambao maabara inawajua. Kama sitaki, basi yeye hana kazi ya kunipa, na nisipokuwa na kazi ya utafiti sina cha kunibakiza chuoni. Akanipa mpaka kikao cha maabara kijacho.

Unaelewa maana yake? Maana yake Singida. Maana yake duka, na baba wadogo wakikohoa kwa ushindi.

Nilikuwa nimekupigia simu mara ya mwisho kabla hayajafika huko, wakati ndiyo kwanza picha za kwanza zimetoka. Ukaniuliza, "Umeuona uzi?" Nikasema bado. Ukasema, "Basi rudi nyumbani." Nikasema, "Ng'o!" Ukacheka mpaka ukakohoa, ukasema, "Haya. Ukiuona, nitumie picha." Ndiyo maneno yetu ya mwisho. Moyo wako ukasimama ukiwa unafungua duka asubuhi, na mimi nikaja kukuzika nikiwa sina picha ya kukuletea.

Siku ya habari ile nilikuwa peke yangu chumbani. Sijui nani alimwambia Papa Kabeya. Alikuja na koti lake, akiwa na mama wawili wa Mbeya wanaonunua nguo Shahe, wameacha mizigo yao haijafungwa. Walipika, walideki, walikaa. Papa Kabeya hakusema neno la Kifaransa hata moja siku hiyo. Nimewahi kusoma juu ya arkea wa kwenye chemchemi za moto: miale ya jua ikiwaunguza mpaka vinasaba vyao vikakatika, wanatoa nyuzi, wanavutana, wanashikana kwa mafungu, kisha wanaazimana vipande vya vinasaba kila mmoja azibe palipokatika. Nilijua hivyo vizuri sana kwenye karatasi. Siku ile nilishikwa mkono, nikajua zaidi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi nilikuwa nimebaki kidole.

Turudi maabara. Mwenzangu Xiaolin, msichana msafi kupita kiasi, tunakaa meza moja. Asubuhi moja nilikuwa nimeinamisha kichwa mezani, nafikiria nauli, yeye akauona mkoba wangu. Akachukua mkasi. "Una uzi unaning'inia hapa," akasema, "nikukatie?"

"Usikate!"

Baba, nilipiga kelele. Maabara nzima iligeuka. Xiaolin akarudisha mkono kama ameguswa na moto. Nilimwomba radhi, nikamweleza habari ya Shiling, mama mchungaji na pipi chini ya viti, na alicheka mpaka akafuta machozi. "Kwa hiyo baba yako," akasema, "alisafisha mikoba mpaka ikaharibika."

Nikainuka kitini. Kwa sababu mimi nilikuwa nafanya nini kila siku? Nilikuwa nawaandaa arkea kwa utaratibu wa maabara yetu, uliowafaa wale tuliowazoea. Unawatia kwenye mashine inayozungusha chupa kwa kasi wajikusanye chini. Unamwaga maji ya juu. Unatia maji mapya, unatikisa kwa nguvu, unarudia, ili picha itoke safi bila uchafu. Nilikuwa nawanyoa, baba! Nilikuwa nimesimama kwenye karakana ya Shiling na mkasi mkononi, nasema siutaki weusi huo. Na yale maji ya juu niliyokuwa namwaga, zile takataka zinazoelea pembeni, ndizo zilikuwa nyuzi zao.

Wewe hukunifundisha hilo, usije ukajisifu huko uliko. Kosa lako ndilo lililonifundisha, lile ulilolisingizia upepo.

Sikumwambia laoshi. Nilijua atasema mei you. Niliacha mashine ipumzike. Nikachukua kile kiwavu kidogo cha shaba tunachowekea sampuli, nikakizamisha kwenye chupa ya Kindai, nikawaacha waogelee wenyewe, waje wenyewe, washike wenyewe kwa nyuzi zao. Hakuna kuzungusha, hakuna kutikisa. Nikawatia dawa ya kuwagandisha palepale walipo, taratibu, chumvi isipungue ghafla wakapasuka. Xiaolin alinishikia vibanio. Halafu tukapeleka kwenye hadubini.

Usione vyaelea, vimeundwa. Kwenye kioo akatokea mmoja, na kwenye ncha yake fungu la nyuzi ndefu, zimepinda kwa mawimbi sawasawa, ndefu kuliko mwili wake mwenyewe. Pembeni mwake nyingine fupi, zilizonyooka, zimekamata wavu. Na kati yake na jirani yake, nyuzi nyingine zimetandazwa kutoka huyu hadi yule. Xiaolin alisema neno la Kichina ambalo sitaliandika kwenye barua ya baba. Mimi nilisema, "Baba, njoo uone," kwa Kiswahili, kwa sauti, kama vile uko kwenye korido unavua viatu.

Kikao cha maabara kikafika. Orodha ya kazi ilionyesha kwamba mimi nitaeleza ninavyohamia kwa arkea wengine. Nikasimama, nikasema sihami. Wakanitazama kama mnunuzi aliyetaja bei ya chini kupita kiasi. Nikaweka picha ya kwanza ukutani: vipara. Nikasema, hawa tumewanyoa wenyewe. Nikaweka ya pili.

Laoshi alivaa miwani, akasogea mpaka kivuli chake kikaziba nusu ya picha. Akauliza kama ni chupa ileile. Nikasema ileile. Akasema inawezekana ni uchafu umenata. Nikasema, "Laoshi, uchafu hauoti shinani." Wenzangu wakainamisha vichwa. Huku kwao mwanafunzi hamjibu mwalimu hivyo, na kwetu Singida pia hamjibu, lakini mimi nililelewa na wewe. Nikamwambia, kama haamini, twende sote, aandae yeye kwa mikono yake mwenyewe, nusu kwa utaratibu wa mashine, nusu kwa kuwaacha washike, chupa moja, siku moja. Akinikuta mwongo, nitafunga mizigo bila kusubiri kuambiwa.

Alikubali. Na hapo ndipo nilipomheshimu, maana wewe usingekubali. Ameandaa mwenyewe, mchana wa leo. Waliozungushwa wametoka vipara. Walioachwa wametoka na nyuzi zao zote. Aliisogeza picha huku na huko kwenye kioo, kisha akasema kwa Kichina, ipo. Ipo kweli. Akaniuliza jina la ziwa, nikalitaja, akalirudia vibaya, nikamsahihisha, akalirudia tena mpaka likakaa sawa mdomoni. Kindai. Halafu akasema chupa isiguswe, ibaki kwenye friji, na utaratibu wa kuandaa ubadilishwe kwa watu wote.

Nikatoka nje na picha iliyochapishwa. Nimekaa hapa kwenye benchi, nimeiweka mapajani juu ya mkoba wako, na sina anwani ya kuituma. Hasira niliyo nayo, baba! Umebishana nami maisha yangu yote, halafu siku niliyoshinda hupo. Hiyo si haki. Nilitaka uiangalie ukiwa umeishika mbali na macho, useme haieleweki, useme hata mimi naweza kuchora mistari kama hii, nikujibu, unijibu, mpaka mama atuite tule. Nimeshinda, na nimekosa wa kumringia.

Basi nikaanza kuugusa ule uzi wa mkoba, uleule ambao Xiaolin alitaka kuukata. Sijui kwa nini sikuwahi kuutazama vizuri miaka yote hii. Umeushona kwa sindano ya magunia, mshono mkubwa, mbaya, wa mwanaume asiye fundi. Uzi wa nailoni umeuacha mrefu. Na kwenye ncha yake, baba, kuna kinundu cheusi.

Umeuchoma. Ulikaa mahali, peke yako, ukawasha kiberiti, ukauchoma uzi kama alivyotaka kufanya yule mama wa Shiling. Weusi ulioukataa mbele ya watu wote ukauweka mwenyewe kwenye mkoba wa mwanao, ili usimwachie. Kisha ukatoka ukaendelea kuwaambia wateja ni upepo.

Haya. Nimekusikia.

Wajomba, shangazi, baba wadogo, mliosoma mpaka hapa: sirudi kushika duka. Duka analiweza mama, tena analiweza kuliko wanaume wote waliokaa kwenye kile kikao. Mimi nitakuja kiangazi, Kindai ikirudi nyuma, kuchota tena, na atakayetaka kunicheka aje ziwani anicheke huku amenishikia kifuniko. Na mkiniona na mkoba wa kizamani wenye uzi unaning'inia, msije na mkasi. Haukatwi.

Lala, baba. Picha nimeitia ndani ya mkoba, mfuko wa kati, na zipu nimefunga.

Ni mimi,
binti yako, ubishi wako mtupu